Baba yuko kwenye mashine ya figo, sasa mguu unaoza: tuuze shamba apelekwe India, au tukubali akatwe?

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mtoto wa tatu kati ya watano, naishi Tanga mjini. Naomba jina langu usilitoe maana ndugu zangu nao ni wasomaji wako.

Baba yetu ana miaka 67. Kisukari anacho tangu mimi niko shule ya msingi. Mwaka juzi figo zikafeli, na tangu hapo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anayempeleka na kumrudisha ni mimi. Mama alishatangulia, wakubwa wangu wako mbali, mdogo wetu bado anasoma.

Baada ya Idi, kobazi mpya zilimchubua kidole cha pili cha mguu wa kushoto. Mwenyewe hakuhisi, nyayo zake zimekufa ganzi siku nyingi. Tulikuja kushtuka kwa doa la damu kwenye shuka. Tukaosha, tukafunga, tukajua ni mchubuko tu. Haukupita muda kidole kikawa cheusi ti, kikavu, halafu kisigino nacho kikafunguka. Sasa usiku halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda ameuning'iniza mguu, anasema ukining'inia maumivu yanapungua. Akiulaza tu anaanza kuguna. Mimi nimehamishia mkeka chumbani kwake.

Tulipewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Akapigwa picha ya mishipa ya damu. Daktari bingwa akatuonyesha kwenye kompyuta: mishipa ya chini ya goti imejaa chokaa, miwili imeziba kabisa, mmoja unapitisha damu kwa taabu. Akasema njia ni tatu. Kuipanua mishipa kwa puto. Kufanya baipasi, yaani kuchukua mshipa wa mguu wake mwenyewe na kuupandikiza ili damu izunguke pale palipoziba. Au kukata chini ya goti. Akasema wazi kwamba kwa mtu mwenye kisukari ambaye pia yuko kwenye mashine, hakuna njia isiyo na hatari, tukazungumze nyumbani. Hayo mazungumzo ndiyo yaliyoivunja nyumba.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Ndiye anayetuma hela, siwezi kumvunjia heshima. Amesema Baba hakatwi, apelekwe India kwa baipasi, na shamba la michungwa la Muheza liuzwe. Kwenye simu aliniambia, "Nyinyi mlio karibu ndio mmechoka naye." Dada anamuunga mkono. Baba mkubwa anasema hili ni donda ndugu, kuna mzee Pangani anatoa unga wa mizizi, alimponya jirani yake mwenye kisukari hicho hicho. Mwenyewe Baba, alipolisikia neno kukatwa, alisema, "Siendi kwa Mola wangu kiungo kimoja kimetangulia," akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena.

Kuna mama mmoja tunakaa naye benchi moja tukisubiri watu wetu watoke kwenye mashine. Aliniambia wanaokatwa mguu wakiwa kwenye mashine hawamalizi mwaka, amewaona kwa macho yake. Maneno hayo yamenikaa kichwani. Nikikubali akatwe, si nitakuwa nimemuua? Na tukiuza shamba, akaenda India akarudi kwenye sanduku, nitawaambia nini watu?

La mwisho sijamwambia mtu, hata mume wangu ambaye ananivumilia kwa mengi. Kuna usiku namsikia Baba akiguna na mimi moyoni nasema wamkate tu, tulale. Halafu naona haya hata kusimama kwenye swala. Nisaidie, Bi. Tufanye nini?

Binti wa Mzee, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na Mzee mpe pole yangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililokuchosha kuliko mengine. Mtu anayelala kwenye mkeka miezi chini ya kitanda cha mgonjwa, akamsikia anaguna mpaka alfajiri, atatamani maumivu yaishe kwa njia yoyote. Hilo halimfanyi awe amemchoka baba yake. Niliuguza wodini miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha ushauri, na waliokuwa wakiniambia maneno kama yako ni wale wale waliokuwa hawabanduki kitandani. Waliokuja Jumapili na chupa ya maji ya matunda hawakuwa nayo. Kaka yako aliposema mmechoka naye aligusa jambo la kweli, ila alilisema kwa ubaya. Umechoka. Mtu aliyechoka anahitaji kupokezwa, na hilo ni mzigo wa nyumba nzima, hata wa huyo aliye Muscat.

Sasa turudi kwa Mzee. Nikiisoma barua yako vizuri, mna maswali mawili na mnayajibu kama moja. La kwanza ni la kitabibu: njia ipi inaweza kurudisha damu kwenye mguu au kuondoa uozo. La pili ni la Mzee mwenyewe: katika muda alio nao, anataka aishi vipi. Nyumba nzima inagombania la kwanza. La pili liligeukia ukutani siku ile na mkaliacha huko.

Hebu tulichukue kwanza lile la yule mama wa benchini. Aliyoyaona si uongo. Marekani walifuatilia wagonjwa wa mashine waliokatwa miguu miaka ya mwanzo ya 1990, wakakuta kama theluthi mbili walifariki ndani ya miaka miwili baada ya kukatwa. Ni nyingi, sikufichi. Lakini jiulize, walikufa kwa sababu ya msumeno, au walifikia kwenye msumeno kwa sababu miili ilikuwa imeshafika mbali? Chokaa ile mliyoonyeshwa kwenye mishipa ya mguu haikai mguuni peke yake. Iko kwenye mishipa ya moyo, iko inayokwenda kichwani. Wengi wa wagonjwa hawa huondoka kwa moyo. Kidole cheusi kwa mtu wa mashine ni habari ya mguu, lakini ni habari ya moyo pia, na habari hiyo ilikuwepo kabla hamjaambiwa neno lolote kuhusu kukata. Kwa hiyo hilo la "nitakuwa nimemuua" nakuomba uliweke chini. Operesheni ina hatari yake, wiki zile za mwanzo hasa, na mkiikubali mtakuwa mmeikubali hatari hiyo kwa macho. Lakini usibebe lawama ya ugonjwa wa miaka thelathini.

Na kaka yako naye anadhani jambo. Anadhani baipasi ikifanikiwa, Baba amepona. Hapa nataka ukae chini umsomee taratibu, kwa sababu ndipo mambo ya wagonjwa wa figo yanapotofautiana na ya wengine.

Baipasi ni kama barabara ya mchepuko: njia kuu imefungwa, unachimba nyingine pembeni, magari yanapita. Kwa mtu mwenye mshipa mzuri wa kupandikiza na moyo wenye nguvu, ni kazi nzuri sana. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, wa wagonjwa 1,830, wengi wao wa Marekani ya Kaskazini, uliona kwamba wenye mshipa mzuri mguuni walinufaika zaidi wakianza na baipasi kuliko wakianza na puto. Mwaka uliofuata ukaja wa Uingereza, wa wagonjwa 345 walioziba chini ya goti kama Mzee, ukaona kinyume: walioanza na puto walikuwa na nafuu, hasa kwa kuwa waliofariki ni wachache zaidi. Ukiona mabingwa wenyewe wamegawanyika hivyo, ujue ndugu zako hawana kosa kugawanyika. Na wengi wa walioingia kwenye tafiti hizo mbili hawakuwa watu wa mashine.

Wa mashine wana hesabu yao. Kuna uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya ripoti nyingi za baipasi za mguu kwa watu ambao figo zimekufa kabisa. Baada ya miaka mitano, miguu kama theluthi mbili ilikuwa imenusurika. Kaka yako akisikia hapo atasema, si niliwaambia? Msomee na nusu ya pili: wagonjwa wenyewe waliokuwa bado hai ni chini ya robo. Yaani katika hesabu za madaktari, mtu akifariki mguu wake ukiwepo, hayumo kwenye orodha ya waliopoteza mguu. Mguu umeokolewa, na mwenyewe tumemzika nao. Kwa mtu kama Mzee, aliyesema hataki kutangulizwa kiungo, huenda hilo lenyewe ndilo analolitaka. Kwa mwingine halina maana hata kidogo. Ndiyo maana nasema swali la pili halijibiwi na daktari, wala na mimi.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazielezwi mapema. Kwa wagonjwa hawa mshipa unaweza kufunguka, damu ikapita, daktari akafurahi kabisa, na kidonda kikakataa kupona. Vijishipa vidogo vya wayo navyo vimeharibika. Chakula cha mgonjwa wa figo kina makatazo mengi, mwili hauna nguvu ya kujenga nyama mpya. Na kila mara shinikizo la damu linaposhuka akiwa kwenye mashine, mguu ndio unaonyimwa damu kwanza. Mtazame, pengine utakuta maumivu yanamzidi saa ya tatu au ya nne ya mashine. Kisigino ndicho kibaya zaidi. Vidonda vya kisigino kwa watu wa mashine ni vigumu hata baada ya baipasi nzuri, na wewe umekitaja kwa neno moja tu ukapita. Ukirudi kwa daktari anza na kisigino, kidole kije baadaye.

Puto linasikika jepesi, na kwa kweli ni jepesi: sindano ya ganzi kwenye kinena, waya mwembamba, hakuna nusu kaputi. Moyo haulemewi sana. Ubaya wake ni kwamba mishipa midogo ya chini ya goti hupenda kuziba tena baada ya miezi, ikabidi kurudia, na penye chokaa nyingi waya wakati mwingine hata haupiti. Lakini huenda ile miezi ya kupumua inatosha kidole kukauka na kudondoka au kuondolewa vizuri. Inategemea mnatafuta nini. Kama Mzee bado anapata mkojo kidogo, mwambieni daktari, kwa sababu ile dawa ya picha inaweza kuumalizia.

Msikubali kirahisi mtu akiwaambia "tukate kidole tu kwanza". Kidole kikikatwa mahali ambapo damu haifiki, jeraha jipya halifungi, wiki mbili mnarudi kukata nusu wayo, mwezi mnarudi kukata juu. Nimeona wazee wakipitishwa njia hiyo vipande vipande, na kila mara ni nusu kaputi nyingine. Muulizeni daktari: hapo mtakapokata, damu inatosha kuponyesha? Amepimwa shinikizo la damu kwenye kidole gumba cha mguu? Kipimo cha kwenye kifundo kwa watu wa chokaa kinadanganya, kinatoa namba nzuri kwa sababu mishipa imekuwa migumu, haikubali kubanwa.

Kukata chini ya goti nako kuna pande zake. Maumivu yale ya usiku mara nyingi huisha, ingawa wengine husikia maumivu ya mguu usiokuwepo. Uozo unaondoka mara moja. Goti likibaki, mguu wa bandia unawezekana. Nchini kuna mahali pazuri pa kuutengenezea, kama CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi. Ila nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee wa mashine, aliyedhoofika, si wote wanaotembea tena. Wengi huishia kiti cha magurudumu, na nyumba yenu inabidi ikubali kiti hicho: mlango wa choo, ngazi za barazani, gari la kumpeleka kwenye mashine. Jionee mwenyewe kama anayembeba sasa ataweza.

Na kuna njia ya nne ambayo sikuiona kwenye barua yako: kutofanya operesheni yoyote kwa sasa. Kidole kikavu, cheusi, kisicho na usaha, kinaweza kukaa hivyo muda mrefu, kikatunzwa kikavu huku maumivu yakitibiwa sawasawa. Baadhi ya madaktari wataipendekeza kwa mgonjwa aliyechoka. Hatari yake ni kwamba uozo mkavu unaweza kugeuka mbichi siku yoyote. Ukiona usaha, harufu, wekundu unaopanda kuelekea mguuni, homa, au Mzee ameanza kuweweseka, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na kikao cha ukoo kitasubiri. Na kwa njia yoyote mtakayoichukua, maumivu yale ya ukingoni mwa kitanda yashughulikiwe sasa. Mwambie daktari wa figo waziwazi kwamba halali. Usinunue vidonge dukani, vingi vina madhara kwa mtu wa mashine, na hata mofini inamkalia mwilini isipopimwa vizuri. Lakini dawa zipo, na Mzee aliyelala usiku mzima atafikiri tofauti na Mzee aliyekesha. Huenda na wewe pia.

Baba mkubwa nisimsahau. Usimkatalie kwa ukali, anaogopa kama nyinyi. Inawezekana kabisa jirani yake alipona. Kwa miaka mingi kliniki za kisukari za Dar es Salaam zimeona kwamba vidonda vingi vya miguu hapa kwetu vinatokana na mishipa ya fahamu iliyokufa, damu ikiwa bado inafika. Hivyo vikisafishwa, vikapumzishwa visikanyagwe, vinapona, na aliyepaka unga atasifiwa kwa kazi ya mwili wenyewe. Cha Mzee ni kingine, damu haifiki. Unga wa mizizi, maji ya moto, kuota moto, vyote hivyo kwenye mguu usiohisi wala usio na damu vitamuunguza tu. Mpe Baba mkubwa kazi anayoiweza: kila jioni aukague mguu wa kulia, katikati ya vidole na chini ya kisigino, kwa tochi. Familia zote huugua na mguu mmoja zikausahau wa pili.

Tuje kwenye India na shamba. Sisemi msiende. Kuna hospitali nzuri kule na Watanzania wengi wamerudi wazima. Ila kabla mchungwa mmoja haujauzwa, yako mambo ya kuulizwa, na mwenye kuyauliza awe kaka yako, yeye ana simu na ana muda wa jioni. CD ya picha za mishipa itumwe kule kwanza, pamoja na kipimo cha moyo. Waulizwe: kwa hizi picha, mnaona pa kuunganisha mshipa chini? Mshipa wa mguuni kwake unafaa? Ule wa mkononi usiguswe, unahitajika kwa ajili ya mashine. Wangapi mmewafanyia waliokuwa kwenye mashine, na mwaka mmoja baadaye wako wapi? Mashine zake zitapangwaje safarini na kule, na ni vipimo gani vya homa ya ini na virusi wanavyotaka kabla ya kumpokea? Na hili ndilo watu hulisahau: mshipa uliopandikizwa unatakiwa uangaliwe kwa ultrasaundi mara kwa mara mwaka wa kwanza, kwa sababu ukianza kujibana ukakutwa mapema unaweza kuokolewa. Akirudi Tanga, nani atamwangalia? Kama daktari wa Dar yuko tayari kumpokea, aandikiane na wa India kabla ya tiketi.

Nadhani kaka yako akiyauliza hayo mwenyewe, akajibiwa yeye, mtazungumza lugha moja kuliko sasa. Yuko mbali, mkono wake pekee unaomfikia Baba ni hela. Mtu wa hivyo akiambiwa hela haisaidii, anasikia kama ameambiwa yeye si mtoto. Huenda hata hizo hela zikapata kazi nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria: kijana wa kumbeba Mzee siku za mashine, godoro la kulinda kisigino, nauli za Dar. Au ziende India. Sijui, na sitaki kujua kabla yenu.

Tumebaki na Mzee. Mimi lile neno lake silisomi kama mnavyolisoma. "Siendi kwa Mola wangu kiungo kimoja kimetangulia" linaweza kuwa uamuzi kamili. Linaweza pia kuwa hofu, au swali la dini ambalo hakuna aliyemjibu, au aibu ya kuonekana msikitini kwenye kiti. Msiposogea karibu hamtajua. Kama ni la dini, mwiteni imamu wake anayemwamini akae naye. Nijuavyo mimi, masheikh wengi huruhusu kiungo kukatwa pale daktari anapoona uhai uko hatarini, na kiungo hicho huvikwa kitambaa kikazikwa kwa heshima. Wengine huzika mahali ambapo familia inapajua. Akilisikia hilo kwa mtu wake anaweza kubadilika, na anaweza asibadilike. Kama baada ya kuelewa kila kitu bado anakataa, huo ni mwili wake na akili yake timamu, na daktari mwenye adabu ataiheshimu. Mtakuwa na kazi ya kumuuguza kwa njia ile aliyoichagua, nayo ni kazi kubwa kama operesheni yoyote.

Msimuulize "Baba, ukatwe au usikatwe?" Atageukia ukutani tena. Muulize ni kitu gani bado anakitaka. Kulala usiku? Kwenda Muheza kuiona michungwa ikizaa msimu mwingine? Kutembea mwenyewe hadi chooni? Kumuona huyo wa Muscat uso kwa uso? Muulize pia kile asichokitaka kabisa, hata mashine yenyewe, maana wako wazee ambao wamechoka nayo kimyakimya na hawathubutu kusema kwa sababu mtoto wao wa kike anaamka saa kumi kuwapeleka. Andika anayoyasema kwa maneno yake mwenyewe, uyapeleke kwa daktari bingwa pamoja na vipimo, umuulize: kwa mtu anayetaka haya, kati ya njia zako ipi inamsogeza karibu nayo, na ipi inamweka mbali zaidi?

Chagueni siku ya kikao vizuri. Siku ya mashine msimwite, akitoka pale hana nguvu hata ya kubisha. Na Jumapili naye atakuwa ameshajaa maji, siku mbili bila mashine. Jumanne au Alhamisi asubuhi, akishakunywa chai yake, wewe usiwe peke yako, na kaka awe kwenye simu tangu mwanzo, si mwishoni mkishaamua. Halafu usiku huo mdogo wenu, au yeyote mwingine, ndiye akalale kwenye mkeka.

Uniandikie alivyosema Mzee.